Mnadi wa Pumzi

Mnadi alipiga kelele wakati wembe wa kinyozi ulipokuwa kooni mwa mteja.

"Usitikisike," kinyozi alisema kwa upole, huku akikaza ngozi ya koo kwa kidole gumba. "Si kitu. Ni mjukuu wangu ameacha kupumua."

Mteja, dereva wa lori mwenye shingo nene, alitumbua macho kwenye kioo. "Ameacha nini?"

"Kupumua. Ataanza tena sasa hivi. Inua kidevu, tafadhali."

Nyuma ya pazia lililotenganisha chumba cha kunyolea na sebule, kiti kilianguka, sufuria ikaanguka juu ya kiti, na miguu ya mwanamke mtu mzima ikasikika ikikimbia kama ya msichana. Kisha kelele ilikatika, na mahali pake kikatokea kilio cha mtoto mchanga mwenye hasira ya mtu aliyeamshwa bila sababu.

"Umesikia?" kinyozi alisema. "Ameanza."

Dereva hakutaka kusikia zaidi. Aliondoka na ndevu za shavu moja, akiacha za shavu la pili kwenye beseni. Kwa bahati mbaya, mlango wa nyumba yake ulitazamana na mlango wa wakwe wa kinyozi, wazazi wa mume wa binti yake, na kabla povu halijamkauka masikioni, wakwe walikuwa wamekwisha kupata habari kwamba mjukuu wao, kule kwa wazazi wa mama yake, hufa na kufufuka.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mke wa kinyozi alikuwa mtafiti wa tiba, na mtaani aliitwa Profesa hata na watu wasiojua maana ya neno hilo. Maisha yake yote ya kazi aliyatoa kwa swali moja: mtoto anapotoka tumboni, anajuaje kuvuta pumzi ya kwanza, na afanyiwe nini asipoivuta? Kwa sababu ya Profesa, wakunga wengi waliacha kuwaning'iniza watoto kichwa chini na kuwachapa makofi, wakajifunza kuwakausha, kuwapa joto na kuwapulizia hewa taratibu kwa kifuko cha mpira. Yeye ndiye aliyeandika, kwa lugha safi ambayo wanafunzi walilazimishwa kuikariri, kwamba mtoto mchanga mwenye afya njema hapumui kama saa ya ukutani. Huvuta haraka haraka, husita, hunyamaza kama mtu aliyekumbuka jambo njiani, kisha huendelea na safari yake.

Mnadi naye alitengenezwa kwa mkono wa Profesa. Alikuwa kigodoro chembamba kilichoshonewa kihisio ndani, waya, na kisanduku kidogo chenye taa. Kigodoro kikilaliwa, kisha kikakosa kuhisi mwendo wa kifua, kisanduku hunadi habari hiyo kwa sauti ya kutoboa bati. Alikusudiwa wodi ya watoto njiti, ambao kusita kwao huweza kurefuka kupita kiasi. Mjukuu wa Profesa hakuwa njiti. Alizaliwa kwa wakati wake, mnene, na alianza kulia kabla hajakaushwa. Hata hivyo, wiki ile ile aliyoletwa nyumbani, Mnadi pia aliletwa nyumbani, ndani ya mkoba wa Profesa, chini ya koti lake jeupe.

"Ni kwa ajili ya majaribio tu," alimwambia mumewe.

"Majaribio ya mtoto au majaribio yetu?" kinyozi aliuliza.

Profesa alikuwa ameshainama kutandika kigodoro.

*

"Mama, kiondoe," binti alisema jioni ya siku ile ya dereva. Alikuwa ameketi kitandani, nywele zimesimama upande mmoja, mtoto begani. Mumewe, mpimaji wa ardhi, alikuwa kazini mbali, akipima mashamba ya watu waliolala usingizi wao wote.

"Kinamlinda mtoto."

"Kinamwamsha mtoto. Kinaniamsha mimi. Kimemwamsha hata jirani, na jirani ni kiziwi."

"Jirani hasikii kwa sikio la kushoto tu."

"Mama, wewe mwenyewe umeandika kwamba watoto wote husita."

"Niliandika kuhusu watoto."

"Na huyu ni nini?"

Profesa alilifikiria swali lile kwa uangalifu, kama alivyozoea kuyafikiria maswali ya wanafunzi. "Huyu," alisema mwishowe, "ni mjukuu wangu."

"Asubuhi umemtoa kwenye titi!"

"Alikuwa anameza na kupumua kwa wakati mmoja."

"Ndivyo wanavyonyonya, Mama! Ulitaka amalize kwanza kupumua ndipo anyonye?" Binti alishusha pumzi na kujilazimisha kusema polepole. "Mama mkwe amepiga simu. Amesikia mambo. Yeye na baba mkwe wanakuja kesho na gari, wanataka tukakae kwao."

Profesa alisimama wima. "Nani amewaambia mambo?"

Mlangoni, kinyozi, aliyekuwa amekuja kuuliza habari za chakula, aliona ghafla kwamba mkasi wake ulihitaji mafuta, akarudi alikotoka.

"Wewe umewajibuje?" Profesa aliuliza.

"Nimesema nitafikiri. Sasa nimefikiri. Kwao kuna kelele nyingi, baba mkwe huzungumza kama anahutubia uwanja, lakini hakuna Mnadi. Mimi ninataka kulala, Mama. Ninataka mtoto wangu asinyang'anywe titi mdomoni. Kesho wakija, nikikuta kigodoro hicho kitandani mwa mtoto, nitapanda gari lao, na wewe utamtazama mjukuu wako siku za sikukuu kama wageni wengine."

"Hutakikuta kitandani mwake," Profesa alisema.

Hilo lilikuwa kweli tupu. Asubuhi yake, binti alipokuwa anaoga, Profesa alikitoa kigodoro kitandani, akakikunja kwa heshima, akakipeleka sebuleni na kukitandaza chini ya kitambaa cha kochi, mahali pale pale ambapo mtoto hulazwa mchana. Kisanduku alikificha nyuma ya redio. Alipomaliza, alilipapasa kochi, akaona halina kasoro, na akajisikia kama mwanafunzi aliyeandika jibu kiganjani.

*

Wakwe walifika mapema, wakiwa wamejiandaa kwa msiba. Mama mkwe, mwanamke mwembamba mwenye miwani na macho yasiyopitwa na kitu, alibeba mto, blanketi mbili na chupa ya maji ya moto. Baba mkwe, mkaguzi mstaafu wa shule, alibeba tumbo lake.

"Yuko wapi mgonjwa?" aliuliza kabla hajavua viatu.

"Hapana mgonjwa, mkwe," Profesa alisema. "Karibuni sana. Kaeni."

"Tumeambiwa anakata pumzi."

"Husita kidogo. Ni kawaida."

"Kama ni kawaida," mama mkwe aliuliza, akimpokea mtoto na kumgeuza kama anayechagua kitambaa, "kwa nini mtaa wote unajua?"

Kinyozi alikohoa. Kwa kuwa hakupenda ukimya, na kwa kuwa ukimya ule ulikuwa unamtazama yeye, alinyoosha mkono akawasha redio ili wapate taarifa ya habari. Taarifa ya habari ilikuwa imekwisha. Badala yake, sauti ya mwanamke, tulivu na yenye mamlaka, iliwajia kutoka kwenye kipindi cha afya.

"Mama mpendwa," redio ilisema, "usimwamshe mtoto aliyelala vizuri eti kwa ajili ya kuhakikisha kwamba yu hai."

Mama mkwe aliinua kichwa. "Sauti hii ninaifahamu."

"Ni yangu, mkwe," Profesa alisema, akiitazama sakafu. "Tulirekodi mwezi uliopita."

"Wasiwasi wa bibi au shangazi," redio iliendelea bila huruma, "usigeuzwe kuwa maradhi ya mtoto. Mtoto akiwa na rangi nzuri, akinyonya vizuri, mwache apumzike, nawe upumzike."

"Unazungumza vizuri sana," mama mkwe alisema.

"Ninatamani mama huyo angekuja kukaa nasi," binti alisema.

Kinyozi alianza kucheka, akamtazama mkewe, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi.

Baada ya chakula, mambo yalielekea kutulia. Mtoto alikuwa amelala kochini muda mrefu, Mnadi hakusema neno, na hata baba mkwe alikiri kwamba mtoto alikuwa na rangi ya kuridhisha, ingawa alishauri akaguliwe mara kwa mara. Binti alimtazama mama yake kwa jicho ambalo halikuwahi kuwa laini kiasi hicho tangu ajifungue. Mtoto alipoanza kunyonya ngumi, alimchukua, akaenda naye chumbani.

Hapo ndipo baba mkwe alipotangaza kwamba angejinyoosha kidogo, akaelekea kwenye kochi.

"Mkwe!" Profesa alisema. "Pale pana joto."

"Ninapenda joto."

"Tena hapalaliki vizuri. Pana... springi."

"Mjukuu wangu amelala pale asubuhi nzima. Mimi nina nyama za kutosha kuishinda springi yoyote." Akajimwaga kochini, na kochi likampokea kwa mguno.

Profesa alitupa jicho nyuma ya redio. Mama mkwe alikuwa ameketi bega kwa bega na redio hiyo, akifuta miwani yake. Kunyoosha mkono na kuzima kisanduku mbele ya macho yale kulikuwa sawa na kukiri. Profesa alijituliza kwa hoja ya kitaalamu: mtu mzima hupumua, kifua cha mtu mzima huenda juu na chini, hivyo Mnadi hangekuwa na cha kunadi. Hoja hiyo ilikuwa na kasoro moja. Profesa alijua kuhusu watoto wachanga kila kilichoweza kujulikana. Kuhusu usingizi wa wakaguzi wastaafu wa shule hakuwahi kusoma hata ukurasa. Alikusanya vyombo, akaenda jikoni kuviosha.

Baba mkwe alianza kukoroma kwa mpangilio. Alikoroma kwa muda, kinyozi akapunguza redio kwa adabu. Kisha kukoroma kukakatika. Sebule ilinyamaza kwa namna ya kupendeza. Kinyozi alikuwa ndiyo kwanza anataka kumshukuru Mungu, mara Mnadi akapasua anga.

Akili ya Profesa ilijua vizuri sana ni nani aliyelala pale. Miguu yake haikuulizwa. Miaka mingi ya wodini ilimchomoa jikoni, povu hadi viwikoni, ikampitisha sebuleni bila kutazama kulia wala kushoto, ikamwingiza chumbani kwa binti. Alimnyakua mtoto kutoka kwenye titi, akamlaza kitandani, akaanza kumsugua mgongo. Mtoto, aliyekatizwa katikati ya chakula kizuri, alikusanya nguvu zote alizopewa na Muumba akapiga ukelele.

"Anapumua!" Profesa alisema, maji yakimchuruzika.

"Bila shaka anapumua, Mama! Anatukana!"

"Anapumua," Profesa alirudia, na sasa akili ilikuwa imeifikia miguu. Mtoto alikuwa analia hapa. Mnadi alikuwa analia kule. Aligeuka, akarudi sebuleni mbio.

Baba mkwe alikuwa amelala chali, mdomo wazi, kifua kimetulia kama meza. Kinyozi alisimama juu yake na taulo la kunyolea, asijue kama ampepee au amfunike. Mama mkwe peke yake ndiye aliyekuwa hajainuka. Alimaliza kufuta kioo cha pili cha miwani, akaivaa, akasogea, na kwa kiwiko kilichojua njia akampiga mumewe ubavuni.

Baba mkwe alinguruma kama lori linalowashwa asubuhi ya baridi, akameza hewa, akafumbua macho.

"Sijalala," alisema.

Mnadi alinyamaza.

"Amekuwa akifanya hivyo tangu alipoanza kunenepa," mama mkwe aliwaeleza. "Hunyamaza, ninampiga, anaendelea. Nilidhani wanaume wote wako hivyo."

"Mimi sinyamazi," kinyozi alisema.

"Hilo linajulikana," mkewe alisema.

Binti alikuwa amesimama mlangoni, mtoto kifuani. Hakupaza sauti. "Mama," aliuliza, "kigodoro kiko wapi?"

Alitembea hadi kwenye kochi, akasema, "Samahani, baba," akaingiza mkono chini ya ubavu wa mkwe wake, akauvuta waya. Kigodoro kilitoka polepole, kikiwa na joto la baba mkwe, na nyuma ya redio kisanduku kikaanguka chali.

"Hukusema uongo," binti alisema. "Hakikuwa kitandani." Akageuka, akarudi chumbani, na wote wakasikia zipu ya begi ikifunguliwa.

*

Profesa alisimama katikati ya sebule, povu likimkauka mikononi. Angependa ardhi impasukie, lakini kwanza kulikuwa na kazi.

"Mkwe," alimwambia baba mkwe, "yaliyokupata si mzaha. Pumzi inakukatika usingizini. Yupo mwenzangu hospitalini anayeshughulika na watu wazima. Jumatatu nitakupeleka mwenyewe."

"Nimekuja kumchukua mgonjwa," baba mkwe alisema kwa hadhi, akitafuta viatu. "Sikuja kufanywa mgonjwa."

"Utakwenda," mama mkwe alimwambia. "Kiwiko changu kimechoka." Kisha alimgeukia Profesa. "Na mtoto? Sema mbele yetu sote. Ana nini?"

"Hana kitu."

"Hana kitu kabisa?"

"Ni mtoto mwenye afya kuliko wote niliowahi kuwaona."

"Basi mwenye maradhi ni nani?"

Profesa aliwaacha wakwe na mumewe pale, akaenda chumbani.

Binti alikuwa anapanga nepi ndani ya begi, mkono mmoja, kwa kuwa wa pili ulikuwa na mtoto. Hakugeuka.

"Unajua wewe kwa nini sikukiondoa?" Profesa aliuliza.

"Kwa sababu huniamini."

"La." Aliketi ukingoni mwa kitanda. "Watoto waliopumua walikwenda nyumbani. Waliviringishwa nguo, wakabebwa, sikuwaona tena. Mimi nilibaki na wale wengine. Nilikaa nao, nikawapima, nikawaandika. Watu wanasema ninajua sana jinsi watoto wanavyopumua. Ninachokijua hasa ni jinsi wanavyoacha. Huyu akinyamaza kidogo tu, mimi siko tena katika nyumba hii."

Binti aliacha kupanga. Alimtazama mama yake, mikono mikavu yenye mabaki ya sabuni, koti la nyumbani lililolowa kifuani. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida, "Mshike. Ninahitaji mikono miwili."

Profesa alimpokea mtoto. Tangu azaliwe, alikuwa amempima, amemgusa kifua, amemhesabia pumzi kwa saa ya mkononi, lakini hakuwa amempakata. Alikuwa mzito kuliko alivyotazamia. Mtoto alicheua, akaguna, akalala. Alivuta pumzi haraka haraka, kama kawaida yao. Kisha akasita.

Mabega ya Profesa yalipanda. Mkono wake ulianza kuinuka kuelekea mgongoni mwa mtoto. Akaurudisha.

"Mama," binti alisema. "Midomo yako inacheza."

"Ninamwimbia."

"Hujawahi kuniimbia hata mimi."

"Sasa ninaimba."

"Basi toa sauti nisikie."

Profesa alitafuta wimbo kichwani mwake, akapekua kila pembe, asione hata mmoja. Kulikuwa na maneno ya namna moja tu mle ndani.

"Moja," aliimba kwa sauti iliyokwaruza kama mlango usiotiwa mafuta, "mbili... tatu..."

Huko sebuleni baba mkwe aliuliza ni nani anayeumwa. Binti aliuma mdomo wake wa chini, akajaribu kushika uso wake, akashindwa. Alicheka hadi akaketi juu ya begi, akizibana nepi zote zilizokuwemo, na kicheko kile kilimtoa machozi ya usingizi wa siku nyingi.

"Nne," Profesa aliimba, akimtazama mjukuu wake tu, "tano..."

"Gari li tayari!" baba mkwe aliita. "Mama mtoto, tunakungoja wewe!"

"Tangulieni, baba!" binti aliitikia, akifuta macho kwa nepi. "Mimi nitakuja kuwatembelea."

Mtoto alivuta pumzi kwenye saba. Profesa aliendelea hadi ishirini, kwa kuwa wimbo ulikuwa haujaisha.